Kabla hujalifunga begi la kambi ya kushona

  Leo nimeamua kulijibu swali ambalo akina mama kadhaa wa hapa Eldoret wamekuwa wakiniuliza kila tunapokutana, iwe sokoni, kanisani au kwenye foleni ya benki. Swali lenyewe ni hili: mtu anapokwenda kambi ya kushona, abebe nini?

Kambi ya kushona ndilo jina ambalo kikundi chetu kimeipa safari yetu ya kila Agosti. Tuko akina mama kumi na wawili. Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunapanda matatu kuelekea Iten, tunakodi nyumba moja yenye sebule kubwa, na hadi Jumapili jioni hatufanyi kazi nyingine ila kushona mifarishi. Mfarishi, kwa vijana ambao hawalijui neno hili, ni tandiko la kitanda lenye tabaka tatu. Juu huwa viraka vilivyounganishwa kwa mpango, katikati huwa pamba au blanketi jepesi, na chini huwa kitambaa kizima. Kisha tabaka zote hupigwa mishono ya kuzishikanisha ili zisitelezeane mtu anapogeuka usiku. Ni kazi inayotaka nafasi, meza ndefu na kichwa kilichotulia. Nyumbani utaanza kupanga viraka sakafuni, mtoto atapita na kikombe cha chai, na hapo utakuwa umekwisha.

Mwaka wa kwanza nilipakia kama mtu anayehama. Nilibeba rinda la kanisani na jingine la akiba, viatu vya visigino, taulo mbili na hata pasi ya nywele. Mkasi niliusahau juu ya meza ya jikoni. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na sehemu iliyobaki ya methali hiyo unaijua mwenyewe. Mkasi wa kuazima nao haukati, kwa sababu kila unapounyoosha mkono kuuchukua, mwenyewe ndipo anapouhitaji. Siku nzima ya Jumamosi nilikata vipande kumi na vinne tu. Wenzangu walikuwa wamekwisha kuunganisha safu tatu.

Kwa hivyo tuanze na mkasi. Beba wako, uwe umenolewa, na uufunge utepe wenye rangi usiyoweza kuichanganya na ya mwingine. Mkasi wa nguo usikate karatasi, wala usikate pakiti ya maziwa. Karibu nao tia wembe mpya uliofungwa kwenye kadibodi, kwani kushona ni nusu ya kazi na kufumua ni nusu ya pili. Tia utepe wa kupimia, chaki ya fundi na subana, kile kikofia cha kidole cha kati ambacho wengi hukidharau hadi Jumamosi usiku kidole kinapovimba.

Sindano zina kinyume chake ambacho huwachanganya wengi. Sindano za cherehani, kadiri nambari inavyopanda ndivyo zinavyokuwa nene. Nambari 80 inafaa pamba ya kawaida, 90 inafaa tabaka tatu, na 100 ni ya kitambaa kizito kama cha jinzi. Sindano za mkono ni kinyume kabisa: nambari ikipanda, sindano inakuwa nyembamba na fupi. Ukimtuma mtoto dukani umwandikie, la sivyo utaletewa sindano ya kushonea magunia. Pini nazo zisikupungukie. Za kufungia nepi ndizo bora kwa kushikilia tabaka tatu kabla hujapiga bandi, na mfarishi wa kitanda cha futi nne kwa sita utahitaji zaidi ya 60, kwa kuwa hukaa umbali wa shubiri moja moja.

Cherehani si kila mtu abebe. Ile ya mkono ya chuma ni mzigo wa kuvunja bega, na utingo wa matatu atakulipisha kama abiria. Sisi kumi na wawili tunabeba nne tu na kuzitumia kwa zamu, wengine wakipiga pasi na kupanga. Ukiwa miongoni mwa wanaobeba, ifunge cherehani ndani ya blanketi lile lile utakalolilalia, toa sindano, na ukumbuke bobini za akiba na kichupa cha mafuta kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki mara mbili. Nasema mara mbili kwa sababu ninajua. Usisahau pia waya mrefu wa stima wenye matundu mengi, pamoja na taa moja ya sola. Stima haina adabu, hupotea wakati uzi umeingia tu kwenye tundu.

Kuhusu nguo za kuvaa sina mengi. Eldoret yetu iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na Iten iko juu zaidi, karibu mita 2,400, ukingoni kabisa mwa bonde la Kerio. Agosti ni mvua na ukungu. Beba sweta mbili, soksi nzito, shuka la kujifunga kiunoni na viatu vya chini visivyoingiza maji. Rinda la kanisani moja linatosha. Miwani ya karibu, kama umefika umri huo, usiione haya. Beba pia mto mdogo wa kukalia, kwa maana viti vya plastiki havikuundwa kwa mtu anayeinama saa kumi.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho huwezi kuazima wala kununua ukifika, nacho ni kitambaa chenyewe.

Hesabu yake si ngumu. Mfarishi wa kitanda cha futi nne kwa sita unapaswa kuwa na futi tano kwa saba ili uning'inie kidogo pembeni. Ukitumia viraka vya inchi sita, utahitaji kumi kwa upana na kumi na vinne kwa urefu, yaani 140. Kila kiraka kikatwe inchi sita na nusu, kwa sababu mshono hula robo inchi kila upande. Shati la mwanamume wa wastani, nikiacha kola, mfuko na mikono inapokazwa, mimi hupata viraka kama 18. Kwa hivyo mashati manane yanatosha kitanda kizima. Upande wa chini utakula yadi tano za kitenge, mapande mawili yakiungwa katikati, au shuka kubwa la kitanda lisilo na tundu. Katikati, blanketi jepesi lililochakaa ni zuri kuliko jipya. Nyumba nyingi za mji huu bado zina mabaki ya yale mablanketi yaliyokuwa yakitengenezwa papa hapa Eldoret na kiwanda cha Raymond, na yakifuliwa vizuri yanafaa sana.

Kila kitambaa kifuliwe kabla ya safari. Pamba hunywea, na kitenge chekundu kinaweza kuigeuza kazi ya miezi mitatu kuwa na rangi ya maji ya kiazi sukari. Sugua kona ya kitambaa kwa kitambaa cheupe kilicholowa maji. Kikiacha rangi, rudi kwenye karai. Na kama umenunua mashati ya mitumba na huna hakika kama ni pamba, chomoa nyuzi mbili uziwashe kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polyester huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukichanganya aina hizi mbili mfarishi utavutana, huku umenyooka, kule umekunjamana.

Kisha vikate nyumbani. Ninalisema jambo hili kila mwaka na kila mwaka kuna mtu anayefika Iten na gunia la nguo nzima. Si kwa ajili ya uzito tu. Ni kwamba kukata ni uamuzi, na uamuzi ufanywe mahali ambapo mwenye haki ya kusema neno anaweza kulisema. Mimi nililijua hilo baada ya kukosea.

Baba yetu alifariki mwaka 2019. Alikuwa karani wa serikali hadi alipostaafu, mtu wa mashati. Alikuwa na nane ambayo aliyapiga pasi mwenyewe hadi mwezi wake wa mwisho. Baada ya mazishi nguo zake ziligawanywa kama ilivyo desturi ya kwetu: koti likaenda kwa baba mdogo, viatu kwa binamu, na kadhalika. Mashati yalibaki kwenye sanduku chumbani mwa mama. Hakuna aliyeyaomba na hakuna aliyesema ni ya nani. Mwaka 2022, siku mbili kabla ya kambi, nilimwambia mama kwamba ningependa kumshonea mfarishi kwa mashati ya baba. Mama alifurahi akaniambia niyachukue. Niliyatia begini yakiwa mazima, nikijiambia kwamba nitayakata kule kwenye meza ndefu.

Jumamosi saa mbili usiku, viraka vyote 140 vikiwa vimepangwa sakafuni na akina mama wakinisaidia kuhamisha hiki kwenda kule, kaka yangu mkubwa alinipigia simu. Binti yake alikuwa anakuja kuposwa wiki mbili baadaye.

“Dada,” akaniambia, “mama ananiambia mashati ya mzee uko nayo. Niwekee lile la mistari ya samawati. Nataka nilivae siku ya wageni.”

Nilitazama sakafuni. Mistari ya samawati ilikuwa katika safu ya tatu, ya sita, ya tisa na ya kumi na mbili.

“Kaka,” nikasema, “nimelikata.”

Simu ilinyamaza hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama limekatwa lote. Nikamwambia kimebaki kola na mfuko. Akasema haya, akakata simu.

Kaka alikuwa asimame mbele ya wageni wale mahali pa baba, na alitaka asimame ndani ya shati la baba. Hilo mimi singeweza kulijua, lakini ningeweza kuuliza. Siku ya posa alivaa shati jipya lililomkaa vizuri, akanisalimia kama anavyowasalimia majirani, na hatukuzungumza tena hadi Krismasi. Mama alinipokea mfarishi kwa mikono miwili, akaukunjua, akaupapasa, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: “Ungemwuliza tu. Angekuachia hayo mengine saba.”

Kola na mfuko nilimpelekea ndani ya bahasha. Alizipokea. Sijui amezifanyia nini.

Nimesimulia hayo si kwa kutaka kuhurumiwa. Wengi wanaoniuliza kuhusu kambi wanataka kushona nguo za mtu waliyempoteza, na nina hakika kwamba hiyo ndiyo mifarishi mizuri kuliko yote. Wala hatukuianzisha sisi. Kule Gee's Bend, kijiji cha wakulima Weusi katika jimbo la Alabama, Marekani, mama mmoja aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, na mwaka 1942 akazichukua nguo zake za kazi akazishona kuwa mfarishi wa kujifunika, ili amkumbuke. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya akina mama wa kijiji hicho ilitundikwa katika majumba makubwa ya sanaa ya Houston na New York, watu wakapanga foleni kuitazama.  Lakini kwetu nguo za marehemu zina wenyewe wengi: wakwe, mashemeji, wajomba, na watoto ambao bado hawajajua kwamba watazitaka.

Mwenzetu mmoja wa kikundi, aliyefiwa na mumewe, alifanya vizuri kuniliko. Kabla hajagusa mkasi alikwenda kwa wakwe zake na nguo zote ndani ya sanduku, akazitandaza juu ya mkeka, akawaambia nia yake. Mama mkwe alichukua sweta. Shemeji alichukua suruali mbili na mkanda. Mtoto wake wa kiume, wa miaka kumi na mmoja, alichagua jaketi ambalo litamfaa atakapokuwa mkubwa. Zilizobaki waliziombea, wakamwambia mwanetu nenda ukashone. Alikuja Iten na viraka vilivyokatwa na kufungwa kumi kumi kwa uzi. Hata hivyo Ijumaa usiku hakuweza kuvifungua. Alikaa navyo mapajani, tukamwacha, tukamletea chai. Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kwenye cherehani.

Kwa hiyo nikikuambia upakie simu yako, sina maana ya kupiga picha. Nina maana kwamba kabla ya kufunga begi uketi chini na uwapigie wale wote ambao wangeweza kukupigia wewe Jumamosi usiku. Na kola, mifuko na vifungo usitupe. Vitie kwenye bahasha uandike jina la mwenye nguo.

Kuna begi la pili ambalo halipandi matatu, nalo ni la nyumba unayoiacha. Maharagwe yachemshwe na kugawanywa, sare za shule zipigwe pasi, dawa ya mtoto iandikwe saa zake na kubandikwa ukutani, na pesa za maziwa ziachwe mkononi mwa mtu mmoja si watu watatu. Mzee wa nyumba aonyeshwe kiberiti kilipo. Mimi mwaka wa kwanza nilipigiwa simu mara tisa, na sita kati yake zilihusu chumvi.

Upande wa chakula cha kambini, gawaneni mapema. Mmoja alete unga, mwingine mboga, mwingine kibuyu cha mursik, na thamosi zisipungue tatu. Chapati zinapendwa lakini mafuta yake yanapenda kitambaa cheupe, kwa hivyo ziliwe mbali na meza ya kazi na mikono ioshwe kwa sabuni. Mwaka mmoja tulikuwa na kiraka chenye alama za vidole vitano vya mtu ambaye hadi leo hajajitokeza.

Mwaka huu begi langu liko tayari karibu na mlango. Mkasi umo, nimeuona kwa macho. Ninakwenda na leso za mama, ambazo yeye mwenyewe ametaka zishonwe angali hai azione. Leso, kama ujuavyo, ina pindo, mji na jina, na ninakushauri usiwahi kulipasua jina katikati. Likate kama utepe mrefu, ulipitishe ukingoni mwa mfarishi ili maneno yasomeke yote. Leso moja ina kiasi cha sentimita 150 kwa 110, na ukiondoa pindo na jina unabaki na nafasi nzuri ya viraka vya mji.

Lakini kabla ya kunikabidhi, mama alituita watoto wake wote Jumapili iliyopita, akazitandaza leso kitandani juu ya ule mfarishi wa mashati, akasema kila mmoja achague anayoitaka, nami nichukue zitakazobaki. Kaka yangu alisimama pale muda mrefu. Mkono wake ulipita juu ya safu ya tatu, ule mstari wa samawati, kisha akachagua leso mbili. Sikumwuliza za nini.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.